Jino la Kufungia Hesabu

2 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako umetulia na kikohozi cha mwaka jana kimekuacha. Sisi huku tupo. Paka amezalia ndani ya sanduku langu la spana, watoto watatu, wote weusi kama grisi, kwa hiyo spana zangu sasa zinalala kwenye ndoo. Karakana haijambo. Cherehani zinaletwa kila siku, na kila mteja anataka yake iwe imetengenezwa jana.

Sasa Mama. Najua hukuuliza, lakini nakwambia hivyo hivyo. Tangu alipoanguka bafuni akavunjika nyonga, madaktari wamefanya yao na mfupa umeunga. Anasimama. Anatembea akishika ile fremu ya chuma. Kinachomshinda ni kitu kimoja tu, kutoka kulala mpaka kuketi. Hapo lazima ainuliwe, na mimi nikiwa kazini anainuliwa na majirani. Mama ananuna mpaka jioni. "Miaka yote nimewafumia watoto wao masweta, leo wananibeba kama gunia!" Siku nyingine anakaa na njaa asubuhi nzima, makusudi, ili asimwite mtu.

Kaka alikuja akaangalia, akatoa hukumu. Mwisho wa Aprili anamchukua Mama akaishi kwake, huko mjini kwenu. Mama amesema haondoki nyumbani kwake akiwa na akili zake. Nimembembeleza Kaka hadi akakubali sharti moja: siku atakapomwona Mama anaamka na kuketi mwenyewe, bila mkono wa mtu, hatamlazimisha tena.

Basi natengeneza kitanda. Ubao wa upande wa kichwani nimeutia bawaba. Chini yake kuna skrubu mbili ndefu, moja kila upande. Zikizunguka zinausukuma ubao juu. Mota ni ya waipa ya lori, inatumia betri ya gari, inazunguka mara sitini kwa dakika. Nilipoifunga moja kwa moja kwenye skrubu ilinguruma, ikanuka, ikazima. Nataka nipunguze kasi ili nipate nguvu. Kushoto nina cheni na sproketi mbili mpya, magurudumu ya meno ya kuvutia cheni, zimepigwa mhuri wa idadi ya meno, 14 na 42. Kulia cheni haipiti, mguu wa kitanda unazuia, kwa hiyo huko nina gia mbili kuukuu za mashine iliyokufa, na mihuri yake imefutika. Nifanyeje pande zote mbili zipande sawa?

Ungekuja ingekuwa kazi ya siku mbili. Chumba kipo.

Mpwa wako,
Bisibisi


19 Februari

Bisibisi,

Marahaba. Kikohozi kimeondoka, mgongo umebaki. Banda langu limevuja mvua ya juzi, na tupa zangu nzuri zimeota kutu. Nimeshinda siku mbili nazisugua na kutukana.

Umejaza karatasi mbili kwa hesabu ya mistari miwili. Arobaini na mbili gawanya kwa kumi na nne ni tatu. Mota ikizunguka mara tatu, skrubu ya kushoto inazunguka mara moja. Kwa hiyo na kulia unahitaji tatu, si zaidi, si pungufu. Hesabu meno ya gia zako kama nilivyokufundisha ulipokuwa unakaa juu ya debe karakana kwangu, miguu haifiki chini. Tia chaki jino moja. Hilo ni moja. Zunguka nalo taratibu, na ukirudi kwenye chaki lihesabu tena ufunge hesabu. Mafundi wengi hawafungi, ndiyo maana mashine zao zinalia. Kisha gawanya kubwa kwa ndogo.

Usinipigie simu kuhusu mambo haya. Gia hazichorwi kwa mdomo. Niandikie.

Kuhusu kuja, siji. Nina milango sita ya watu inasubiri bawaba. Msalimie kaka yako ukimwona, maana anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu na mimi simwoni.

Mjomba wako


6 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa tupa. Watoto wa paka wamefumbua macho na mmoja tayari ameanguka ndani ya mafuta.

Nimehesabu kwa chaki. Ndogo ishirini, kubwa sitini. Tatu kamili! Nilicheza mwenyewe hapa karakana mpaka mteja akauliza kama nimepata mchumba.

Nimefunga kila kitu, nikamketisha Mama kwenye kiti aone, nikabonyeza swichi. Kushoto ikapanda. Kulia ikashuka. Ubao ukajipinda ukapiga kelele, nikazima haraka. Mama akasema, "Mwanangu, hiki ni kitanda au unanipeleka baharini?"

Mjomba, kwa nini hukuniambia kwamba gia mbili zikishikana zinazunguka kinyume? Cheni inapeleka upande uleule, gia zinageuza, na mimi nimepoteza wiki nzima na kuharibu bawaba mbili. Nimeongeza gia ya tatu katikati, ya meno ishirini na nne kwa chaki, na sasa zote mbili zinazunguka upande mmoja. Lakini je, hii ya katikati inaingia kwenye hesabu? Nimekokotoa mara tatu nimepata majibu matatu. Kichwa kinauma, na Kaka ameandika kukumbusha tarehe kana kwamba nimeisahau.

Mama anaomba nikuulize kama bado unakunywa chai bila sukari. Sijui kwa nini anauliza.

Bisibisi


15 Machi

Bisibisi,

Marahaba.

Zinazunguka kinyume ndiyo, tangu gia zilipoanza kuwepo. Nilidhani fundi mwenye miaka kumi na tano kwenye kazi ya cherehani analijua hilo bila kuandikiwa. Nisamehe kwa kukudhania mema.

Gia ya katikati haihesabiwi, hata ingekuwa na meno mia. Inapokea kwa mkono huu na kutoa kwa mkono huu, kama mtu anayepitisha ndoo kwenye mstari. Anayepitisha ndoo haongezi maji. Kazi yake ni kugeuza mwelekeo tu. Hesabu yako inabaki sitini kwa ishirini. Gia hiyo ya katikati ifunge kwenye kipande cha chuma chenye tundu refu ili uweze kuisogeza, maana hakuna anayepata nafasi sawa mara ya kwanza.

Chai nakunywa ninavyokunywa. Na yeye anaendeleaje na fremu? Nauliza tu.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Habari za nyumbani leo utanisamehe sina.

Jana tulijaribu kitanda na Mama akiwa juu yake. Alivaa gauni lake la bluu, lile la kutokea. Alishika swichi mwenyewe, akaniambia nisimame mbali, hata nisinyooshe mkono. Akabonyeza. Ulipanda vizuri, Mjomba, polepole, bila kelele, na yeye anacheka kama msichana. Dakika ya pili nikaona anaanza kuteleza kuelekea kulia. Kushoto ilikuwa inatangulia. Dakika ya tatu skrubu zikakaza, mota ikalia, fyuzi ikaungua.

Akabaki hapo. Si amelala, si ameketi, amening'inia upande mmoja, na ubao haurudi chini wala hauendi juu. Saa nzima na robo. Nilijaribu kwa spana, kwa nyundo, kwa mikono. Mwishoni ilibidi niwaite majirani wanne waje wamtoe, walewale. Mimi nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili wasinisikie.

Nimepima. Kushoto imezidi kulia kwa unene wa kidole changu cha mwisho. Gia nimezihesabu upya mara nne. Ishirini na sitini, ishirini na sitini. Tatu. Sproketi ni tatu. Tatu na tatu zinawezaje kuachana? Naona kama nimerogwa na vyuma.

Zimebaki wiki nne. Njoo, Mjomba. Nakuomba kwa adabu zote.

Bisibisi


10 Aprili

Bisibisi,

Hesabu ni nzima. Umehesabu mara nne umepata kilekile, sasa unataka gia zikuapie? Tafuta ugonjwa kwingine. Angalia skrubu kama moja imepinda. Angalia ulivyolehemu bawaba, maana kulehemu kwako nakujua. Angalia ubao kama umejikunja kwa unyevu. Tia grisi. Watu siku hizi kazi ikiwashinda wanalaumu hesabu.

Mimi nimeshika gia miaka thelathini. Sitaki mtu aniulize tena kama tatu ni tatu.

Na suala la kuja tulimalize. Unajua kwa nini siji. Mtu alinidhalilisha mbele ya wageni, mezani, chakula mkononi. Miaka kumi na mmoja sasa. Sina kinyongo, lakini miguu yangu haiendi.

Mjomba wako


17 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Soma barua hii mpaka mwisho kabla hujaikunja.

Nilifungua upande wa kulia wote. Skrubu imenyooka. Bawaba ziko sawa, pamoja na kulehemu kwangu. Meza ilikuwa imejaa vyuma, kwa hiyo ile gia kubwa niliiweka mapajani kwa Mama. Kidogo nikamwona ameng'oa uzi mwekundu kwenye kikapu chake cha kufumia, anaufunga kwenye jino moja. Akaanza kuzunguka kwa dole gumba, midomo inacheza, vile anavyohesabu vishono vya sweta. Alipofika kwenye uzi akanyamaza. "Hamsini na tisa."

Nikamwambia ni sitini. Akaniambia, "Sitini ni ukihesabu la uzi mara mbili. Ukilifikia tena umeshamaliza, hapo husemi kitu." Nikampa ndogo. Kumi na tisa.

Nilikaa chini sakafuni, Mjomba. Hamsini na tisa kwa kumi na tisa si tatu. Ni tatu na kama sehemu moja ya kumi. Kupanda kote ni dakika nne, mota inazunguka mara mia mbili na arobaini. Skrubu ya kushoto inazunguka mara themanini. Ya kulia inazunguka sabini na saba na kitu. Karibu mizunguko mitatu pungufu, na kila mzunguko ni milimita tano. Tulipokwama dakika ya tatu, miwili ilikuwa imeshapungua: hicho ndicho kidole changu. Sproketi zilikuwa na mhuri, ndiyo maana zilisema kweli. Gia nilizihesabu mimi, kwa chaki yako.

Ndipo Mama akanieleza ya siku ile mezani, ambayo hakuna aliyewahi kuniambia. Kwamba kiwandani ulikokuwa fundi gia zote zilikuwa na mihuri, na ile moja iliyofutika uliihesabu mwenyewe, ukaagiza nyingine, ikaja na jino moja la zaidi. Kwamba meneja alipokukosoa ulitupa funguo mezani kwake ukaacha kazi. Kwamba Mama alikwambia hapa nyumbani, wageni wakiwa wanakula, "La kwanza umelihesabu mara mbili," ukainuka ukaondoka bila kofia. Anasema, "Sikutaka kumwaibisha. Nilitaka arudi kesho yake aseme amekosea, wampe kazi yake. Nilisema vibaya, lakini nilihesabu vizuri." Hayo ni maneno yake, sijaongeza.

Kofia bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Anaipangusa vumbi mwenyewe. Siku hizi haifikii, anaipangusa kwa kitambaa alichofunga kwenye fimbo.

Mjomba, kumi na tisa mara tatu ni hamsini na saba. Ndogo ninayo. Nahitaji kubwa ya meno hamsini na saba, na ya katikati nitaisogeza kwenye lile tundu refu ishikane nayo. Nakuchorea unene wa jino na tundu la shafti nyuma ya karatasi hii. Hapa hakuna wa kuichonga kabla ya mwezi kuisha. Wewe unaweza. Itume kwa basi. Kaka anafika tarehe thelathini.

Sikuandikii kukuumbua. Naandika kwa sababu sina mwingine.

Bisibisi


3 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Kila siku kuanzia tarehe ishirini na tano nimekwenda kusubiri basi. Kila siku nimerudi mikono mitupu. Hata mstari mmoja? Hata wa matusi?

Kaka alifika tarehe thelathini, asubuhi, na lori la kukodi. Mama aliniambia nifunge zile gia mbovu hivyo hivyo, pengine safari hii zitamsikia. Nikafunga. Akabonyeza. Dakika ya tatu ikakwama, palepale, Kaka anaangalia. Hakunicheka. Ingekuwa afadhali angenicheka. Alisema, "Umejitahidi, mdogo wangu," akaanza kukunja shuka.

Walimtoa amelala juu ya godoro. Kofia yako alitaka kuichukua, kisha akasema iache, mwenyewe ataifuata.

Nimefungua kitanda chote. Kila boliti iko kwenye mfuko wake na nimeandika inakokwenda. Kimeondoka leo na basi kwenda kwa Kaka. Nimemuuliza kama sharti bado lipo, akasema lipo, ila Kaka hawezi kutofautisha spana na kijiko. Wewe uko mtaa wa pili. Miguu yako inakataa safari ya siku nzima, sawa. Hii ni ya dakika kumi.

Nilikuwa nakuomba. Leo sikuombi. Nakwambia uende.

Bisibisi


21 Mei

Bisibisi, mpwa wangu,

Marahaba. Watoto wa paka wameshakuwa wakubwa, au umewagawa? Nibakizie mmoja, panya wamenizidi bandani.

Barua yako ya tarehe kumi na saba ilifika tarehe ishirini na mbili. Niliisoma nikaiweka chini ya jiriwa ya kubania vyuma. Usidhani sikuamini. Niliamini siku ileile, na ndiyo maana nilinyamaza. Ile gia kuukuu ya kiwandani, niliyoihesabu nikaandika arobaini na nane, nilitoka nayo siku ile, na mpaka leo inanizuilia mlango usipigwe na upepo. Nilifunga uzi nikahesabu. Arobaini na saba. Nikahesabu tena nikitumaini. Arobaini na saba. Nikaenda kulala mchana, mimi, ambaye silali mchana.

Wiki nzima sikushika tupa. Nilikuwa na hasira na meneja, ambaye hata sijui yuko wapi, kisha na mama yako, kisha na wewe, mwishoni hakubaki mtu ila mimi. Tarehe ishirini na tisa ndipo nikaanza kuchonga. Siku lori la kaka yako linapita barabara yetu, nilikuwa nimefika jino la kumi na mbili. Nililisikia, sikujua limebeba nini. Hilo nitakuwa nalo mpaka mwisho, na hukosei ukinikasirikia.

Nilikwenda. Wamemweka chumba cha nyuma, dirisha linaangalia ukuta. Aliponiona akageukia ukuta. Nikamwamkia, akaitikia kwa ukuta. Nikafunga kitanda chako siku mbili, nikiwa chini ya miguu yake. Kulehemu kwako kumekuwa kuzuri, nakiri na hilo.

Siku ya tatu nikampa gia juu ya kitambaa. Nilikuwa nimeandika namba kwa rangi nyeupe kwenye kila jino, moja hadi hamsini na saba, ili kusiwe na ubishi. Unamjua. Aliigeuza upande usio na namba, akaomba uzi. Nilisimama kama mtuhumiwa. Akafika kwenye uzi, akanyamaza, akaniangalia.

"Hamsini na saba," akasema.

"Ndiyo, dada."

Nikaifunga, nikaisogeza ya katikati mpaka meno yakashikana bila kubanana. Juu ya ubao niliweka pima maji, kaka yako akasimama mlangoni amekunja mikono. Dada akabonyeza. Dakika nne, Bisibisi. Sijawahi kuona dakika nne ndefu hivyo. Dakika ya tatu ilipita, kaka yako akafungua mikono. Kiputo cha pima maji hakikuondoka katikati. Alipofika juu akazima, akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili, akavuta fremu, akasimama. Hakuna aliyemgusa. Akamtazama mwanawe usoni, si tena kutoka juu ya mto wa kulalia, akamwambia, "Lile lori lililonileta. Liite."

Kaka yako alijaribu kusema kwamba sasa kwa kuwa kitanda kiko hapa, na yeye amezoea... Akamwambia tena, "Liite." Ameshaliita. Ametimiza neno lake, mshukuru ukimwona, ingawa alifuta macho akisingizia vumbi.

Tunaondoka Jumamosi asubuhi. Dada atakaa mbele na dereva. Mimi nitakaa nyuma na kitanda, sitaki mtu mwingine akiguse. Chumba ulichosema kipo, natumaini bado kipo.

Jana tulikunywa chai, yangu bila sukari. Nikamwambia miaka kumi na mmoja ni mingi kwa jino moja. Akasema si kumi na mmoja, ni kumi. Wa kwanza nimeuhesabu mara mbili.

Sikubishana naye.

Mjomba wako